Kombaini ikitoka jarubani ndo kazi inaanza: mavuno ya mpunga kwetu Usangu

Wakuu habari za majukumu. Watu wengi nikiwaambia kwetu siku izi tunavuna kwa kombaini, ile mashine inayokata na kupura mpunga kwa pamoja, wanadhani mavuno yamekua mteremko, kwamba mashine inaingia asubuhi, mchana imetoka, na wewe umekaa kivulini na daftari unahesabu magunia. Mimi nimekulia kwenye mpunga, shamba la familia liko upande wa Igurusi, bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, nimevuna kwa mundu, nimevuna kwa kupiga mpunga na fimbo, na sasa tunavuna kwa mashine, kwaiyo naongea kitu nilichokiishi. Kazi ya mavuno haijapungua, imehama. Zamani ilikua palepale jarubani, yaani kwenye kipande cha shamba kilichozungushiwa matuta, kwenye migongo ya watu, sasa iko kwenye maandalizi kabla mashine haijafika na iko kwenye turubai baada ya mashine kuondoka, na anaeendelea kuitafuta pale ilipokua zamani anapoteza mpunga alioulea miezi minne.

Kwa wasiopajua kwetu: ukitoka Makambako kuelekea Mbeya kwa barabara kuu ya Tanzam unapita Igawa, Chimala, unakuja Igurusi, na upande wako wa kulia muda wote ni tambarare ya Usangu, mito inashuka milimani kama Mbarali, Kimani na Chimala inaingia kwenye mifereji inamwagilia majaruba halafu yanayobaki yanaenda Ruaha Mkuu. Mvua zinaanza mwezi wa 11 au 12, vitalu vinamwagwa, pawatila, yale matrekta madogo ya kushika kwa mkono, zinaburuga, watu wanapandikiza mpaka mwezi wa pili kutegemea zamu yako ya maji, na mavuno yanaanza kupamba moto mwezi wa tano hadi wa saba. Sisi tunalima sana SARO 5, ile ambayo jina lake la kitaalamu ni TXD 306, inazaa vizuri na inanukia, na kipande kidogo bi mkubwa, mama yetu, huwa haachi kupanda mpunga wa kienyeji mrefu kwa ajili ya chakula cha nyumbani, huo hauuzwi na hakuna wa kubishana nae.

Zamani mavuno yalikua ni watu. Mzee alikua anatafuta vibarua wiki kadhaa kabla, wengi wao kina mama, wanaingia na mundu alfajiri wanakata, mpunga unalazwa juu ya mashina ukauke, baada ya siku kadhaa unakusanywa kwenye lundo kubwa, turubai linatandikwa, vijana wanapiga na fimbo, kina mama wanapepeta, upepo ukigoma mnakaa mnausubiri. Shamba moja linaweza kuwakalisha hata wiki mbili na usiku lazima mtu alale pale kulinda. Sisi watoto kazi yetu ilikua kabla ya hapo, kwenda kuamia ndege. Kwelea kwelea wakiingia kwenye mpunga unaoanza kushika maziwa usiombe, wanakuja kundi linafunika jua, kwaiyo unatoka nyumbani giza bado, una kopo la kupiga na kombeo la udongo, unashinda huko mpaka jua linazama. Kwenye hili hakuna mashine iliyotusaidia mpaka leo ukiacha ile ndege ya serikali ya kupulizia dawa ambayo inaenda kwenye mazalia yao, shambani kwako bado ni mtu na kopo.

Uzuri wa ule uvunaji wa zamani, na hili nimekuja kuliona baadae sana, ni kwamba mpunga ulikua unakauka wenyewe ukiwa kwenye mashina na kwenye lundo, mpaka unakuja kuupiga tayari umeshapoteza maji mengi. Mtu alikua hafikirii habari ya unyevu kwa sababu ule utaratibu wenyewe ulikua unaushughulikia. Shikilieni hapo, ntarudi.

Mashine ya kwanza kuingia nyumbani ilikua pawatila. Mnakumbuka Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, pawatila zikaanza kuonekana kila kijiji, mzee nae akaja kununua ya kwake miaka michache baadae kwa mtu aliekua anauza. Injini ya silinda moja ya dizeli, unaiwasha kwa hendeli, kifuani inakutingisha mpaka meno. Watu wanaijua kama mashine ya kuburuga tu lakini kwetu msimu wa mavuno ndo inafanya kazi ngumu kuliko hata wakati wa kilimo, maana inafungwa trela na ndo inayotoa magunia jarubani kupeleka barabarani au nyumbani, fuso haliingii kule ndani kwenye matuta. Sasa mashine imeshinda imepumzika toka uburuge uishe, imekaa chini ya mwembe na matope ya mwezi wa kwanza yamegandia kwenye ekseli, halafu siku ya mavuno ndo mtu anaenda kupiga hendeli. Hapo ndo utasikia mashine mbovu, mashine ya Mchina, hamna kitu. Mashine haina kosa.

Kwetu tulichokuja kukishika ni kwamba mashine inaandaliwa mwezi mzima kabla ya mavuno, na kazi hiyo alipewa dada yangu mkubwa, yeye ndo ana daftari la mashine. Ameandika lini oili imebadilishwa, belti gani imenunuliwa, beringi ipi ilianza kulia. Anaanza na eakilina, kile kichujio cha hewa ya injini, kwa sababu vumbi la mavuno ni baya, yale makapi laini ya mpunga yanaingia kila mahali, injini hizi eakilina yake ina oili chini ya kunasa vumbi na hiyo oili ikishakua tope injini inavuta uchafu moja kwa moja kwenye silinda, unakuja kushangaa inatoa moshi mweusi na haina nguvu. Halafu belti, anazibonyeza kwa kidole gumba zikiwa zimelegea anazikaza, zikiwa na nyufa anatoa, na anahakikisha nyumbani ipo seti nyingine nzima maana belti ikikatika jumapili jioni katikati ya mbuga na duka liko Igurusi mjini, siku imeisha. Dizeli hamwagi tu kutoka kwenye dumu, anaacha litulie usiku kucha, anachuja kwa kitambaa safi, na ile ya chini kabisa hamalizii. Na tenki anajaza jioni baada ya kazi, sio asubuhi, kwa sababu tenki likilala nusu tupu kwenye baridi ya mwezi wa sita hewa ya ndani inatoa majimaji na hayo maji yanaishia kwenye pampu na nozo, ile inayopuliza dizeli kwenye silinda. Fundi wetu ndo alimfundisha hilo, na tangu tulishike hatujasumbuka na nozo kama zamani.

Kombaini sasa. Hatuna yetu, tunakodi, kama familia nyingi za kwetu. Zinakuja zile za minyororo ya mpira ambazo hazizami sana kwenye tope, zinazunguka bonde kufuata mpunga unakoivia, wenyewe wengine wanatoza kwa ekari na wengine kwa gunia. Ekari moja iliyonyooka inakatwa ndani ya muda wa kunywa chai na kuongea kidogo, wale waliozoea kukaa wiki mbili porini walipoona mara ya kwanza walisimama wakaishiwa maneno. Ila kombaini haitaki mzaha kwenye mambo mawili, maji na muda.

Maji lazima uyafunge mapema. Udongo wetu ni mfinyanzi mweusi, unashika maji, kwaiyo sisi tunafungua jaruba maji yatoke wiki mbili kabla ya kuvuna, kwenye udongo wa kichanga hata siku kumi zinatosha. Ukichelewa mashine inaingia inatitia, inaanza kujichimbia, dereva anakanyaga mafuta, matuta yako yanasambaratika na mwakani utayajenga upya kwa jembe. Ukiwahi sana nako punje za chini ya suke zinakua hazijajaa, unavuna mapepe. Na hapa kuna ujirani ndani yake, kwa sababu jaruba lako linaweza kuwa kavu lakini la jirani wa juu bado limejaa na maji yake yanavuja kuja kwako, kwaiyo lazima muongee mapema, mzee huwa anapita nyumba kwa nyumba jioni anapiga hodi anauliza, ndugu yangu wewe unafunga lini maji. Majirani ambao wamepanda wiki moja na mbegu moja wanafunga pamoja na wanamwita mwenye mashine mara moja, na mwenye mashine anapenda hivo kwa sababu hapotezi dizeli kuhamahama.

Muda ni habari ya kuangalia suke. Mpunga unahitaji kama mwezi mmoja toka umechanua mpaka uive, na pale unapoona punje nane mpaka tisa kwenye kumi zimekua rangi ya dhahabu na zile za chini kabisa ya suke zinamalizia, hapo ndo penyewe. Watu wengi kwetu wanasubiri shamba lote likauke kabisa kwa mawazo ya zamani ya mundu, wanaona likiwa kavu ndo litapurika vizuri, kumbe punje zimeshaanza kupukutika zenyewe, na zilizobaki zimepasuka ndani kwa jua la mchana na umande wa usiku unaozilowesha upya. Kwa macho huzioni hizo nyufa, utazikuta mashineni unapokoboa, mchele unatoka chenga tupu.

Siku ya kuvuna kuna kazi ya mundu bado. Kombaini haiwezi kugeuka kwenye kona bila kukanyaga mpunga, kwaiyo kona zote nne za kila jaruba zinakatwa kwa mkono kabla, na njia ya kuingilia pia, ule mpunga unawekwa pembeni halafu unalishwa mashine ikiwa imesimama. Na hauanzi asubuhi na mapema. Madereva wanapenda kuwahi lakini umande ukiwepo majani yanakua mazito, yanajisokota kwenye drami, lile pipa linalozunguka kupura mpunga, na punje zinatoka nyuma zimeng'ang'ania kwenye majani. Sisi tunaanza saa nne hivi jua likishapiga.

Sasa kitu ambacho natamani kila mwenye mpunga akijue. Ukikodi kombaini usikae mbele unaangalia tanki la mpunga linavyojaa, simama nyuma. Nyuma ya mashine ndo pesa yako inadondokea. Tulitengeneza fremu ya vijiti, nusu mita kwa nusu mita, fito nne na kamba basi. Mashine ikipita hatua kama ishirini unaweka fremu chini kwenye eneo iliyokata, unasogeza majani taratibu, unahesabu punje zenye kitu ndani, mapepe hauyahesabu. Hesabu iko hivi, ekari moja ni mita za mraba 4,047, na punje 1,000 za mpunga zina uzito wa gramu 27 hivi, kwaiyo gunia la kilo 100 lililosambaa kwenye ekari nzima ni kama punje 900 kila mita ya mraba, ndani ya fremu yetu ni punje kama 225. Yaani ukihesabu punje 225 ujue umeacha gunia zima chini kwenye ekari hiyo, ukihesabu 110 umeacha nusu gunia. Na kwa macho ukiwa umesimama punje 225 kwenye nusu mita hazionekani ni kitu, unaona majani tu, mpaka uchuchumae.

Ila kuna namna ya kuhesabu usije ukamuonea dereva. Kwanza weka fremu kwenye mpunga ambao haujakatwa uone ngapi zilishadondoka zenyewe, hizo unazitoa. Pili usipime pale tu kwenye mstari wa majani yanayotoka nyuma ya mashine, maana hapo zimekusanyika punje za upana wote wa kisu, pima na pembeni pia halafu tafuta wastani. Ukishapata jibu ndo unaenda kuongea nae. Mara nyingi dawa ni mwendo tu. Mwenye mashine ana foleni ya watu, dereva nae anataka kumaliza ekari nyingi kabla ya giza, kwaiyo anaisukuma. Nakumbuka mzee alivyomsimamisha dereva mmoja katikati ya jaruba, kijana akazima akashuka, "Shikamoo mzee, kuna nini?" Mzee akaitikia marahaba, akamfungulia kiganja kimejaa punje alizookota, akamwambia, "Mwanangu, hizi zimetoka hapa unapokanyaga. Punguza gia moja." Kijana akasema mzee kuna watu wananisubiri kule ng'ambo ya mfereji. Mzee akamjibu, "Najua wanakusubiri, na wao watakushukuru ukiwavunia hivohivo taratibu." Akarudi juu, akapunguza, tukapima tena, punje zikawa chini ya nusu ya zile za kwanza. Na alipoona kweli akaanza na yeye mwenyewe kushuka kuangalia, mpaka leo huwa tunampigia simu yeye kwanza.

Mengine ya kuangalia ni ndani ya tanki. Chota mkono mmoja uangalie karibu kabisa. Ukikuta mapepe na vipande vya majani vingi, feni inapuliza kidogo, iongezwe. Ukikuta tanki safi sana lakini chini nyuma kuna punje nzito zilizojaa, feni imezidi, inakupeperushia mali. Ukikuta punje zilizovuliwa ganda, nyeupe kabisa, au zilizokatika, drami inazunguka kasi kuliko mpunga unavyotaka. Dereva mzuri anayajua haya yote ila haangalii tanki la kila mtu, ni kazi yako wewe mwenye mali.

Na kabla haijaingia kwako mwambie asafishe tanki na mabomba mashine ikiwa inazunguka tupu kidogo pembeni. Hii tumeililia sana kwenye kijiji chetu kwa sababu kombaini inatoka shamba hadi shamba na inabeba mbegu za magugu na mpunga pori ndani ya tumbo lake, mpunga pori ukishaingia jarubani unaota miaka na miaka, unafanana na mpunga mpaka unapokuja kupukutika kabla haujaukata. Ndo maana mbegu ya mwaka unaofuata kwetu haiguswi na kombaini. Bi mkubwa anachagua jaruba moja zuri siku nyingi kabla, anapita mwenyewe anang'oa kila mche wenye urefu tofauti au rangi tofauti, kisha linakatwa kwa mundu na kupigwa kwa fimbo kwenye turubai lililokung'utwa, na mbegu inakaa kwenye gunia lake chumbani kwake. Mara tatu watu wamekuja kumuomba awauzie hiyo mbegu.

Kuhusu usalama ntasema kwa ufupi lakini nakazia. Jirani yetu alipoteza vidole viwili kwa kuingiza mkono kutoa majani yaliyosokota huku belti inazunguka. Zima injini, toa ufunguo, mpe mtu ashike, ndo uingize mkono. Mashati ya mikono mirefu inayoning'inia na kanga za kufunga kiunoni karibu na mashine hapana. Na watoto wasikimbie nyuma ya kombaini kuokoteza, dereva hawaoni.

Turudi kwenye unyevu. Mpunga wa kombaini unatoka na maji mengi, asilimia 20 hadi 25, kwa sababu haukupata zile siku za kulala kwenye mashina na kwenye lundo. Magunia yamejaa, yamepangwa kwenye trela, watu wanafurahi, wanapiga picha, usiku huohuo ndani ya gunia kunaanza kupata moto. Ukichoma mkono katikati ya gunia asubuhi unasikia joto kabisa, na harufu kama ya pombe inaanza. Huo mpunga utageuka njano, mchele wake hautapata bei, na kwa mbegu haufai tena. Kwaiyo siku ya kombaini kwetu ndo siku ambayo watu wengi zaidi wanahitajika nyumbani, sio shambani. Maturubai yanatandikwa uwanjani kabla ya trela la kwanza kufika, mpunga unamwagwa kina kisichozidi vidole vitatu, na kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo mtu anapita anaugeuza kwa reki ya mbao au kwa miguu, anaburuza nyayo mistari mistari. Mchana jua likiwa kali sana tunaukusanya kidogo katikati na kuufunika, maana kukauka haraka kupita kiasi nako kunapasua punje. Jioni kabla umande haujaanza unakunjwa na turubai lake unafunikwa, na ikidondoka hata manyunyu kidogo kwenye mpunga uliokwisha kauka umeharibu kazi yote, punje kavu ikinyonya maji ghafla inapasuka.

Unajuaje umekauka? Bi mkubwa anauma. Anaweka punje kati ya meno ya mbele, ikilia ta na kuvunjika safi anaitikia kwa kichwa, ikibonyea anasema bado, na ukienda kupima kwenye kipima unyevu cha mashineni unakuta asilimia 14 au chini yake. Sisi ambao meno yetu hayajasoma kiasi hicho tunatumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, weka chumvi kavu vijiko kadhaa na mpunga kiasi, tikisa vizuri, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo unyevu bado uko juu ya asilimia 15, ikibaki inateleza chini unaweza kuhifadhi. Chumvi yenyewe ianikwe kwanza, ikiwa na majimaji itakudanganya.

Na hapa ndo madalali wanapopita na watu. Anakuja siku hiyohiyo ya mavuno na fuso na pesa taslimu, anasema nauchukua ulivyo usihangaike kuanika, mtu ana deni la mbolea, ana ada, anauza. Kilo 100 zenye unyevu asilimia 22 ukizikausha hadi 14 zinabaki kilo kama 91, dalali anajua hiyo hesabu vizuri na bei anayokupa ameshakata zaidi ya hapo. Halafu anataka lumbesa, gunia lenye kilemba juu, wakati sheria ya vipimo hairuhusu na kila mtu anajua. Kaka yangu miaka ya nyuma alikua upande wa kuuza yote mara moja tumalize, na hoja yake haikua ya kijinga, mpunga ukikaa ndani kuna panya, kuna wizi, kuna mtu anaumwa ghafla. Tulikaa kikao cha familia tukabishana mpaka usiku, mwisho tukakubaliana kinachouzwa mapema ni cha madeni tu na ada, chakula cha nyumba kinatengwa chini ya mikono ya bi mkubwa na hakiguswi, kinachobaki kinasubiri mpaka mwezi wa 11 au 12 watu wakianza kutafuta chakula na bei inaposogea. Kinakaa juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na tunakoboa kidogokidogo kuuza mchele badala ya mpunga. Gunia la kilo 100 zilizokauka vizuri linatoa mchele kilo 60 hadi 65, na tofauti ya bei kati ya mchele mzima na wenye chenga nyingi ndo malipo ya zile siku zote za kugeuza kwa miguu. Mapumba nayo hayatupwi, wafyatua tofali wanayafuata wenyewe kwa ajili ya kuchomea.

Kitu kinachonisumbua moyo bado ni wale kina mama waliokua wanakata kwa mundu. Kwa wengi wao ile ndo ilikua hela ya mwaka, ya sare za watoto na ya chumvi. Kombaini ilipoingia hakuna aliewaita kikao, msimu mmoja waliitwa, msimu uliofuata hawakuitwa. Nawafahamu, wengine nawaita mama wadogo, nimekula kwao. Kwetu tulichofanya ni kuwapa wao kwanza kazi ya kona, ya kupigia mbegu, na ya kuanika, na tunawalipa kwa siku sio kwa gunia ili mtu asiharakishe kukunja mpunga ambao haujakauka. Na wao ndo wanajua zaidi yetu, mmoja wao akipitisha mkono kwenye turubai anakwambia upande huu mnaugeuza vibaya, chini kuna ubichi, na kweli ukichimba unakuta. Lakini sio kaya zote zinafanya hivo, na hata sisi siku za kazi tunazoweza kuwapa ni chache kuliko za zamani.

Mwaka huu kitongojini tumeanza kuchangishana saruji tujenge sakafu moja kubwa ya kuanikia karibu na mashine ya kukoboa, kila kaya inaleta mifuko yake na mchanga tunatoa mtoni kwa trela la pawatila yetu. Mvutano uliopo sasa ni wa zamu, maana watakaovuna wiki moja ni wengi na sakafu ni moja. Mzee anapendekeza zamu ifuate orodha ileile ya kufunga maji, kina mama wa kuanika wanataka wao ndo wapange kwa sababu ndo wanaojua mpunga wa nani utachukua siku ngapi. Mimi naunga mkono kina mama, na kikao kingine ni jumamosi.